Sanduku la akriliki la kufugia vunjajungu: linapofaa, linapokosea, na linamfaa nani

Seti ninayoipitia hapa imezoeleka sana miongoni mwa wafugaji wapya wa wadudu. Huuzwa kwa majina mbalimbali ya kibiashara huku umbo lake likibaki lile lile: sanduku la akriliki angavu lenye kimo cha sentimita 30 na upana wa sentimita 20, mlango wa mbele unaoshikiliwa na sumaku, dari ya bati lenye matundu, tundu la duara la kulishia lililozibwa kwa sponji, kipimajoto na kipimaunyevu vya mshale, mkeka mdogo wa umeme wa kupashia joto, kibano kirefu cha chuma, chupa ya kupulizia maji, majani ya plastiki, furushi la makumbi ya nazi yaliyosagwa, na kipeperushi cha maelekezo. Nimemfugia humo Hierodula membranacea, yule vunjajungu mkubwa wa Asia, tangu alipokuwa tunutu, yaani mdudu mchanga asiyeota mabawa bado, hadi akapata mabawa, na baadaye Phyllocrania paradoxa, vunjajungu wa Afrika na Madagaska anayefanana na jani lililokauka. Kwa hiyo maoni yangu yametokana na matumizi ya kila siku, wala hayakutokana na tangazo la muuzaji.

Nianze na jambo ambalo mtengenezaji amelipatia kabisa, nalo ni mlango. Masanduku mengi ya wadudu hufunguliwa kwa juu, jambo linalomfaa mnyama anayetambaa sakafuni. Vunjajungu hutumia sehemu kubwa ya maisha yake akining'inia darini, hivyo kila kifuniko kinapoinuliwa naye huinuliwa pamoja nacho, na ikiwa yumo katika siku za kujivua gamba mtikisiko huo unaweza kumwangusha. Jike naye, hata asiyewahi kupandwa, hutaga, na mara nyingi hubandika kifuko chake cha mayai darini au kwenye ukingo wa dari. Kifuniko kinachofungukia hapo hukipasua. Mlango wa mbele unaondoa matatizo hayo yote mawili. Sumaku zake ni kali kidogo, kwa hiyo mlango ukiachiwa ujifunge wenyewe hujipiga kwa kishindo. Inafaa kuusindikiza kwa mkono hadi mwisho, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna mguu wala kipapasio kilicholala ukingoni.

Hata hivyo, makazi ya vunjajungu hupimwa kwa dari yake kabla ya kitu kingine chochote, na hapo ndipo seti hii inaponisikitisha. Kutegemea aina na jinsia, tunutu hujivua gamba takriban mara sita hadi tisa kabla ya kukomaa, na vifo vingi vya ghafla ambavyo wafugaji huvilalamikia hutokea katika saa hiyo ya kujivua. Nilimtazama jike wangu wa Hierodula alipojivua kwa mara ya mwisho. Alikuwa amekataa chakula kwa siku kadhaa, vichipukizi vya mabawa vimevimba mgongoni, naye amejibana mahali pamoja darini bila kusogea. Ngozi ilipasuka nyuma ya kichwa, kifua kikatangulia kutoka, kikafuatiwa na kichwa na miguu ya mbele, kisha mwili wote ukateremka taratibu kwa uzito wake wenyewe hadi akabaki ameshikiliwa kwa ncha ya tumbo tu, huku miguu yake, iliyopauka na kulainika, ikiwa haina nguvu ya kubeba chochote. Alining'inia hivyo kwa kitambo akiinyoosha miguu kidogo kidogo, halafu akajikunja kwa ghafla kwenda juu, akalidaka gamba lake kuukuu na kulipanda. Ndipo mabawa yalipoanza kukunjuka, na yalihitaji saa kadhaa kukauka na kukakamaa.

Muda wote huo, uzito wa mnyama mzima ulikuwa umebebwa na makucha ya gamba tupu. Yakiachia, mdudu huanguka akiwa bado laini, na mguu uliopinda wakati huo hukaukia katika kupinda kwake. Tunutu aliyebakiwa na hatua kadhaa za ukuaji anaweza kuurudisha mguu kidogo kidogo katika kila kujivua kunakofuata, lakini aliyekwisha kukomaa hatajivua tena, na kilema alichokipata siku hiyo ni cha maisha. Sasa tazama dari ya sanduku hili. Si nyuzi zilizosukwa. Ni bati jembamba lililotobolewa matundu, na upande wake wa ndani umenyooka na kuteleza. Tunutu mdogo hushika hapo bila shida, lakini jike mzito hutafuta tundu la kuingizia kucha, hulikosa, husogea, hutafuta jingine. Zaidi ya hayo, kingo za matundu hayo zina ncha kali, na zinaweza kumeguamegua vile vikanyagio laini vya mwisho wa miguu, ambavyo baadaye huwa vyeusi na kukatika.

Dawa yake ni nyepesi, na ningemshauri kila anayenunua seti hii aifanye kabla ya kumtia mdudu ndani. Kitambaa cha chandarua chenye nyuzi laini kikatwe kwa kipimo cha dari, kivutwe hadi kikakamae, na kibandikwe kwa ndani kwa gundi ya kuyeyusha kwa joto, kuzunguka kingo zote pasipo kuacha mwanya ambao tunutu ataweza kupenya na kunaswa kati ya kitambaa na bati. Gundi iachwe ipoe na harufu iishe kabisa. Baada ya kufanya hivyo, dari niliyoilalamikia ikawa dari nzuri, na jike niliyemweleza hapo juu alijivua akiwa ameshika kitambaa hicho, wala hakushika bati. Kazi hiyo ilistahili kufanywa kiwandani, kwa kuwa anayenunua seti ya mwanzo ndiye mtu asiyejua bado kwamba inahitajika.

Kimo cha sanduku kinaridhisha. Kanuni wanayoifuata wafugaji ni kwamba makazi yawe na kimo kisichopungua mara tatu ya urefu wa mdudu na upana usiopungua mara mbili, na kwa Hierodula jike, ambaye hufikia sentimita 8 au 9, sentimita 30 zinatosha. Ila zinatosha zikiwa tupu. Majani ya plastiki yanayokuja na seti yana mashina marefu, na kipeperushi kinaonyesha picha ya sanduku lililojazwa hadi juu. Mpangilio wa namna hiyo unamfanya mdudu anayejivua ateremkie kwenye majani na kukwama katikati ya gamba lake. Ningeyaweka pembeni na nyuma, nikaacha nafasi ya katikati wazi kutoka darini hadi karibu na sakafu, kisha nikaongeza kijiti kimoja au viwili vyenye magome ya kukwaruza, kwa maana plastiki ya majani hayo nayo inateleza.

Kuta angavu zina faida ambayo haionekani mara moja. Mdudu anapopanda ukutani, tumbo lake hutazamwa kwa chini bila kumshika, na pingili zake zinahesabika: jike huonyesha pingili sita na dume nane. Kwa tunutu wadogo utahitaji lenzi. Kujua jinsia mapema kuna maana kubwa, kwa sababu dume mara nyingi hukomaa kabla ya jike, na anayekusudia kuwapandisha hulazimika kupunguza au kuongeza chakula na joto ili wakutane wakiwa tayari wote wawili. Uangavu huo huo unaleta tabu moja. Vunjajungu akiona mwanga au windo upande wa pili hujisukuma ukutani tena na tena, na jicho linalosuguliwa hivyo hupata doa jeusi lisiloondoka. Doa hilo lisichanganywe na weusi wa usiku, ambapo macho yote mawili huwa meusi gizani na kurudia rangi yake asubuhi. Hilo ni jambo la kawaida na la afya. Kubandika karatasi ya rangi ya majani kwa nje, nyuma na ubavuni, kumemtuliza mdudu wangu kwa kiasi kikubwa. Katika usafi, akriliki isipanguswe kwa spiriti kwa sababu hupata nyufa ndogo ndogo na kufifia. Maji ya uvuguvugu na kitambaa laini yanatosha.

Hewa imepangwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Chini ya mlango kuna ufito wa matundu, na kwa kuwa dari nayo iko wazi, hewa huingia chini na kutokea juu, jambo linalokausha sakafu kabla ukungu haujaota. Vunjajungu hunywa matone, kwa hiyo kupulizia maji kidogo ukutani na kwenye majani ndiyo njia ya kumnywesha, na chupa iliyomo kwenye seti hutoa manyunyu membamba yasiyomlowesha mwenyewe. Makumbi ya nazi nayo ni mazuri, mradi yatandazwe kwa unene wa kidole kimoja tu na mabaki ya chakula yaokotwe.

Kipimaunyevu, kwa upande mwingine, hakistahili kuaminiwa. Kuna jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya: chumvi ya mezani hutiwa maji machache hadi iwe kama tope, huwekwa pamoja na kipimo ndani ya chombo kinachofungwa kabisa, na baada ya saa nyingi hewa ya humo hutulia kwenye unyevu wa takriban asilimia 75. Kipimo cha seti hii kilisoma asilimia 60 na kubaki hapo. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mtu anayefuga Hymenopus coronatus, vunjajungu mwenye umbo la ua la okidi kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, ambaye hupendelea unyevu wa asilimia 60 hadi 80. Mfugaji atakayeufuata mshale atapulizia maji hadi kuta zitiririke, na ndipo ukungu utakapoanza. Nilikiondoa na kuweka cha kidijitali.

Mkeka wa joto umeelekezwa ubandikwe chini ya sanduku. Sikubaliani na maelekezo hayo hata kidogo. Joto la chini hukausha makumbi huku dari, ambako ndiko anakoishi mnyama, ikibaki na ubaridi. Na kwa kuwa mkeka hauna kidhibiti joto, hakuna kinachouzuia kuendelea kupasha mchana kutwa. Aina nyingi zinazofugwa hustawi kati ya nyuzi 22 na 28 za Selsiasi, na katika chumba chenye joto la kutosha mkeka huo hauhitajiki kabisa. Panapohitajika, ubandikwe ubavuni, sehemu ya juu, kwa nje, na uunganishwe na kidhibiti kinachonunuliwa peke yake.

Tundu la kulishia ndilo lililonifurahisha zaidi baada ya mlango. Inzi huingizwa bila kufungua sanduku, sponji hurudishwa, na hakuna anayetoroka. Kibano chake, kinyume chake, kina ncha kali za chuma, nacho ndicho kinachotumika karibu sana na uso wa mdudu anayerusha mikono yake kwa kasi isiyofuatika kwa macho. Vunjajungu hupima umbali wa windo kwa kuyatumia macho yake mawili kwa pamoja, uwezo ambao Samuel Rossel aliuthibitisha mwaka 1983, na mara chache hukosa. Akikosa kwa kuwa windo limetikiswa, atakidaka kibano chenyewe na kukitafuna. Kibano cha mwanzi chenye ncha butu kingefaa zaidi.

Kuhusu chakula chenyewe, kipeperushi kinamwambia mfugaji aache nyenje wachache ndani ya sanduku nyakati zote ili mdudu ajilie apendapo. Huo ni ushauri wa hatari. Nyenje mwenye njaa hutafuna chochote kilicho laini, na hakuna kilicho laini kuliko vunjajungu anayejivua. Windo lisiloliwa liondolewe siku hiyo hiyo, na mdudu aliyekataa chakula huku vichipukizi vyake vya mabawa vimevimba aachwe bila kusumbuliwa hadi amalize, kisha apewe siku moja hadi tatu za kukakamaa kabla ya kulishwa tena. Aliye katika hatua za mwanzo hulishwa kila siku au kila baada ya siku moja. Jike aliyekomaa anaweza kukaa siku mbili tatu kati ya mlo na mlo, na tumbo lake ndilo la kutazamwa: likiwa bapa ana njaa, likiwa limejaa na kutuna asiongezwe, kwa kuwa tumbo zito likigonga chini katika anguko hupasuka.

Tangazo linadai kwamba sanduku hili linafaa kwa umri wowote. Halifai. Tunutu aliyeanguliwa karibuni ana urefu wa milimita chache, huishi kwa inzi wa matunda, na inzi hao, hasa Drosophila melanogaster aliye mdogo, hupenya kwenye matundu ya bati na ya ufito wa chini kana kwamba hakuna kizuizi. Wale wanaobaki hutawanyika katika nafasi kubwa kiasi kwamba tunutu hupitisha siku nzima bila kukutana nao. Hatua mbili tatu za mwanzo ni bora zipitishwe katika kikombe cha plastiki kilichofunikwa kwa kitambaa, kila mmoja na chake, na sanduku lisubiri hadi mdudu awe na uwezo wa kuwinda Drosophila hydei aliye mkubwa zaidi, au inzi wa nyumbani.

Kwa aina ipi, basi, ningelipendekeza? Kwa Phyllocrania paradoxa bila kusita: ni mdogo, hafikii hata sentimita 6, ni mtulivu, na huvumilia unyevu unaopanda na kushuka. Kwa Hierodula na kwa Sphodromantis lineola wa Afrika, ndiyo, baada ya kurekebisha dari. Kwa Hymenopus, ndiyo, kwa yule atakayenunua kipimaunyevu kingine. Kwa Idolomantis diabolica wa Afrika Mashariki, hapana kabisa. Jike wake huzidi sentimita 10, huhitaji joto la nyuzi 30 na zaidi, hula wadudu warukao, na hapandi vizuri kwenye kuta za kuteleza. Atakayemtia humo atakuwa amempa dari fupi na kuta nne ambazo hawezi kuzitumia. Makazi yake ni kizimba kirefu cha kitambaa cha wavu pande zote. Hali kadhalika Gongylus gongylodes wa India na Sri Lanka, mpenda joto na hewa, ambaye dari pekee haimtoshi.

Nimalizie kipeperushi, kwa kuwa wengi hawatasoma kingine. Kina ukurasa mmoja wa matunzo kwa aina zote, ilhali jamii hii ina aina zaidi ya 2,000 zilizozoea mazingira tofauti, kuanzia misitu yenye mvua hadi nyika kame. Kinasema wawili wanaweza kuishi pamoja wakishiba. Phyllocrania huweza, wakiwa wa kimo kimoja na chakula kikiwa tele. Wengine watakulana, na atakayebaki ni mmoja. Lakini sentensi iliyonikera ni ile ya mwisho, inayomshauri mfugaji aliyezidiwa na tunutu awaachilie bustanini kwa kuwa wanakula wadudu waharibifu. Vunjajungu hachagui: hukamata nyuki na vipepeo kama anavyokamata inzi. Na mgeni akishaingia hatolewi. Miomantis caffra wa Afrika Kusini alionekana New Zealand kwa mara ya kwanza mwaka 1978, katika jiji la Auckland, na tangu hapo ameenea. Madume wa Orthodera novaezealandiae, vunjajungu wa asili wa huko, huvutwa na harufu ya majike hao wa kigeni, huwaendea, na huliwa. Kifuko kimoja cha Hierodula kinaweza kutoa tunutu zaidi ya 100, na hakuna mfugaji wa kawaida anayeweza kuwalea wote. Vifuko visivyohitajika vigandishwe kwenye friza mapema, kabla viinitete vya ndani havijakua. Vinavyohitajika vipewe wafugaji wengine panaporuhusiwa na sheria za mahali husika. Watengenezaji wa seti hii waifute sentensi hiyo katika toleo lijalo, na nafasi itakayobaki waitumie kueleza jinsi ya kubandika kitambaa darini.